Utafiti wa Nini, Ikiwa Mashine Imeshajibu?

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimetafiti magonjwa ya muhogo katika ukanda wa pwani ya Tanzania, na katika muda huo wote swali nililoulizwa zaidi na ndugu, majirani na hata maofisa wa serikali lilikuwa ni lini utafiti huo utakwisha. Siku hizi swali limegeuka. Vijana wanaokuja kwetu kufanya mafunzo kwa vitendo, wenye simu zinazoweza kuandika mapitio ya machapisho ya nusu karne kabla chai haijapoa, wananiuliza kama kuna haja ya kuanza. Sioni kuwa ni swali la uvivu. Anayeliuliza ana miaka kadhaa ya ujana wake ya kuweka rehani kwenye shahada, na ni haki yake kujua kama kazi anayoiendea bado ipo. Ninalijibu hapa kwa mambo niliyoyaona mashambani, kwa sababu majibu mengi ninayoyasikia yanatoka ama kwa wanaouza mashine hizo za akili mnemba ama kwa wanaoziogopa, na pande zote mbili huzungumzia utafiti kana kwamba ni kazi ya kuandika.

Ugonjwa ninaoufahamu kuliko mengine ni michirizi ya kahawia. Unasababishwa na aina mbili za virusi vilivyo karibu kiukoo, unaenezwa kwa umbali mfupi na nzi weupe, na unasafirishwa kwa umbali mrefu na sisi wenyewe, tunapobeba mbegu, yaani pingili za shina, kutoka shamba la shangazi kwenda la mjomba. Batobato, ambayo ni ndugu yake katika kuleta njaa, hukunja majani machanga na kuyatia manjano, hata mpita njia akaiona akiwa barabarani. Michirizi haina uwazi huo. Huanza kwenye majani ya chini yaliyokomaa, kandokando ya mishipa, kwa manjano hafifu ambayo mtu anaweza kuidhania kuwa ni ukame au uzee wa jani, na majani hayo hudondoka mapema yakaondoka na ushahidi. Madhara makubwa yako chini ya ardhi. Mzizi unang'olewa ukiwa mnene na wenye ganda safi, lakini ukikatwa unakutwa na mabaka makavu ya kahawia yaliyosambaa katika nyama yake, usiolika wala kuuzika. Zipo mbegu ambazo majani yake yana dalili zote huku mizizi ikiwa safi, na zipo ambazo majani yanapendeza hadi siku ya kuvuna ilhali chini hakuna cha kupeleka nyumbani.

Kwa hiyo kipimo chetu ni cha jasho. Jaribio hupandwa mvua zinapoanza, majani hukaguliwa mara kadhaa kadiri mmea unavyokua, na mwaka ukitimia kila shina hung'olewa, kila mzizi hukatwa kwa panga kipande baada ya kipande, na mtu aliyechuchumaa juani hutoa alama kuanzia 1, yaani safi, hadi 5, yaani umeharibika kabisa. Nimewahi kuombwa na mfadhili, kwa upole na kwa nia njema, nitafute namna ya kuufupisha mwaka huo. Ninakiri kuwa kompyuta zimefupisha karibu kila kilicho kabla na baada yake: kupanga vitalu, kuchambua takwimu, kuchora grafu, kuandaa ripoti ya robo mwaka ambayo zamani ilinila wiki nzima. Mwaka wenyewe haujapungua hata siku moja, kwa sababu si sisi tunaoupanga. Muhogo ndio unaoupanga.

Historia ya ugonjwa huu ina mafunzo ambayo mimi humsimulia kwanza kila kijana anayeniuliza swali lile. Ulielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Watafiti waliofuata walishuku nzi weupe kuwa ndio wanaoueneza, lakini majaribio ya kuthibitisha jambo hilo yalishindwa, na uthibitisho ulipatikana mwaka 2005, karibu miaka 70 baada ya maelezo ya kwanza. Katika kipindi hicho chote mtu aliyesoma kila kilichoandikwa angeweza kurudia shuku hiyo kwa ufasaha unaozidi kuongezeka, bila kuigeuza kuwa ujuzi. Hatimaye walioigeuza ni watu waliofuga nzi, wakawalisha kwenye mmea mgonjwa, wakawahamishia kwenye mmea mzima, wakasubiri.

Fundisho la pili ni kali zaidi. Kwa miongo mingi vitabu vyetu viliandika, na walimu wetu wakatufundisha, kwamba michirizi ni ugonjwa wa ukanda wa chini, wa pwani ya Afrika Mashariki na mwambao wa Ziwa Nyasa, na kwamba katika nyanda zilizo juu ya mita 1,000 hausambai. Maandishi yalikubaliana. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, juu ya kimo hicho, ukisambaa kutoka shamba hadi shamba, na katika miaka iliyofuata ukaenea nchi zinazozunguka Ziwa Victoria, ukafika Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Hebu fikiri kama mwaka 2003 tungekuwa na mashine za leo, zilizolishwa kila chapisho lililokuwepo. Bwana shamba wa Mukono, nchini Uganda, angeuliza kuhusu mizizi yenye mabaka aliyoiona, naye angejibiwa kwa heshima na kwa uhakika kwamba kimo cha wilaya yake hakiruhusu ugonjwa huo. Jibu lingekuwa muhtasari sahihi wa maandishi yote. Lingekuwa pia si kweli, na ni mtu aliyekuwa na mzizi mkononi tu ndiye angelijua hilo.

Hata hivyo sitaki nieleweke kuwa ninadharau mashine hizi, maana zilizotengenezwa kwa ajili ya zao langu zimenifundisha unyenyekevu. Mfano ni programu ya simu inayoitwa Nuru, iliyotengenezwa na kundi la PlantVillage la Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kwa kushirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA). Niliifuatilia kwa karibu kwa sababu picha za kazi yake ya mwanzo zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo, katika udongo na mwanga ninaoufahamu. Chapisho la mwaka 2017 lilieleza kwamba kwa picha 2,756 tu za majani, modeli iliweza kutofautisha magonjwa na wadudu kwa usahihi wa jumla wa asilimia 93. Kila picha ilikuwa na mtu nyuma yake aliyelitazama jani na kusema hili ni batobato, hili ni michirizi, hili ni utitiri.

Kilichofuata ndicho kilichonivutia zaidi, kwa sababu watengenezaji hawakutosheka na asilimia ile. Waliipeleka programu shambani na kuilinganisha na binadamu, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Kwa jani moja Nuru ilipata asilimia 65. Ikipewa majani sita ya mmea mmoja ilipanda hadi kati ya 74 na 88. Mabwana shamba na mabibi shamba walipata kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Niliposoma takwimu hizo mara ya kwanza niliona aibu kidogo kwa niaba ya taaluma yangu, kisha nikawaza kuhusu wale wakulima. Waliulizwa kuhusu majani. Mkulima wa pwani haujui ugonjwa huu kwa jani. Anaujua kwa mzizi anaoukata jikoni, na angeulizwa ni mbegu gani huoza na ipi haiozi, sidhani kama angekuwa wa mwisho. Programu hupima kinachoonekana kwa kamera, nasi tulipanga mtihani kwa kipimo cha kamera. Simlaumu aliyepanga, kwa kuwa hakuna simu inayopiga picha chini ya ardhi. Ninachosema ni kwamba kuchagua swali ni kazi ambayo haikufanywa na programu, na ubora wa jibu haukuweza kuuzidi ubora wa uchaguzi huo.

Jambo hilo linaonekana tena katika hazina nyingine ya picha, iliyokusanywa Uganda kutoka kwa wakulima na kupangwa na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mazao pamoja na maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere. Ilikuwa na picha zaidi ya 21,000 na ilitumika katika shindano la kimataifa lililovutia maelfu ya washiriki. Takribani asilimia 61 ya picha zile zilikuwa za batobato. Maana yake ni kwamba mashine isiyojua chochote, inayojibu "batobato" kwa kila picha, ingepata asilimia 61 bila kutazama jani. Hakuna hila hapo, kwani mashamba ndivyo yalivyokuwa. Lakini msomaji wa ripoti anayeona namba 61 peke yake, bila kujua kilichomo ndani ya hazina, hawezi kujua kama anasoma ujuzi au anasoma wingi wa ugonjwa mmoja. Kumfundisha mwanafunzi auulize mgawanyo kabla hajauliza usahihi kumenichukulia muda mwingi kuliko kumfundisha kuendesha programu yoyote.

Nitaeleza kisa kimoja cha mafunzo kwa vitendo. Binti niliyekuwa nikimsimamia alikuwa na jaribio katika shamba la mkulima, na matokeo yake yalimchanganya: mbegu ileile ilikuwa na mizizi safi upande mmoja wa shamba, na upande wa pili mizizi ilikuwa na alama za 4 na 5. Aliiuliza mashine, ikampa sababu tano zilizopangwa vizuri: aina tofauti ya virusi, wingi wa nzi weupe, tofauti ya udongo, umri wa mmea, na mchanganyiko wa mbegu. Aliandika kurasa kadhaa kwa kuzifuata sababu hizo, na machapisho mawili aliyoyataja hayakuwepo duniani. Hilo la machapisho ya uongo linazungumzwa sana, nami naliona dogo, kwa kuwa linagundulika kwa mtu yeyote aliye tayari kuyatafuta. Lililonisumbua ni kwamba sababu zote tano zilikuwa za kweli kwa muhogo kwa ujumla, na hakuna hata moja iliyokuwa imepimwa dhidi ya shamba lile.

Tulikwenda. Mzee mwenye shamba alikuwa amekaa kivulini, binti akamwamkia, naye akamwitikia na kumkaribisha. Binti akamweleza tatizo lake kwa adabu, kwa maneno mengi zaidi ya yaliyohitajika. Mzee akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, huku mwaka jana jua liliua mbegu zenu. Tulirudishia kwa mbegu za kwa jirani. Hukuniuliza." Sampuli za majani zilipopelekwa maabara, vinasaba vilithibitisha kuwa upande ule ulikuwa na mbegu mbili zilizofanana kwa sura. Nataka haki itendeke: mashine ilikuwa imetaja mchanganyiko wa mbegu, katika nafasi ya tano. Isipokuwa kwamba kati ya kutaja na kujua kulikuwa na mzee, shamba, mfuko wa sampuli na kipimo cha maabara, na sehemu hiyo ya kati ndiyo ninayoiita utafiti.

Wenzangu wa maabara hunijibu kwamba mifano yangu ni ya shambani, na kwamba kwenye molekuli mashine imekwisha kushinda. Wana hoja. Kulikisia umbo la protini kutokana na mfuatano wa asidi zake za amino lilikuwa fumbo la nusu karne, na mwaka 2020 programu ya AlphaFold ya kampuni ya DeepMind ililitatua kwa kiwango kilichowashangaza hata waamuzi wa shindano la CASP, ambalo limekuwa likipima ustadi huo tangu 1994. Mwaka 2022 yalitangazwa makisio ya maumbo ya protini zaidi ya milioni 200. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia, na nusu nyingine ikaenda kwa David Baker, mbunifu wa protini mpya. Sijui ushindi mwingine wa akili mnemba katika sayansi unaoukaribia huo.

Lakini ukiuchunguza ushindi wenyewe utakuta umesimama juu ya nini. Programu ilifunzwa kwa maumbo yapatayo 170,000 yaliyopimwa na binadamu na kuwekwa wazi katika kanzidata iliyoanzishwa mwaka 1971. Max Perutz alianza kuhangaika na himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, mwaka 1937 na akalipata umbo lake zaidi ya miaka 20 baadaye. Yeye na John Kendrew walipata Nobel mwaka 1962 kwa protini mbili. Waliofuata walikuza fuwele, walizipiga kwa miale ya eksirei, wakaweka matokeo mahali ambapo yeyote angeweza kuyachukua bila malipo, bila kujua kwamba mchukuaji mkubwa angekuwa kompyuta. Wangefungia data zao makabatini, AlphaFold isingekuwepo. Kwa maoni yangu hilo ndilo fundisho kubwa la tuzo ile, na ndilo lisilosemwa kwenye sherehe.

Hata baada ya umbo kujulikana, swali la kazi yake hubaki. Virusi vya michirizi vina jeni iitwayo Ham1, ambayo si ya kawaida katika ukoo wao. Kompyuta inaweza kuieleza sura ya protini yake. Kwamba jeni hiyo inahusika na kufa kwa tishu za mmea kulijulikana kwa sababu watafiti waliibadilisha ndani ya virusi, wakaambukiza mimea ya jamii ya tumbaku, wakatazama ipi inakauka na ipi haikauki, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2019. Ndani ya muhogo wenyewe, kwenye mzizi, ambako hasara inatokea, kazi bado ni kubwa.

Kuna habari moja ya Amani ambayo huielezea kila mara ninapoulizwa utafiti una faida gani ikiwa matokeo hayaonekani. Kuanzia miaka ya 1930 watafiti wa kituo kile, Storey na baada yake R. F. W. Nichols na D. L. Jennings, walichavusha muhogo na jamaa yake, mti wa mpira uitwao Manihot glaziovii, kisha wakaurudisha uzao kwenye muhogo kizazi baada ya kizazi ili kupata mmea wenye mizizi inayolika na ukinzani wa virusi. Mpango huo ulifungwa katika miaka ya 1950. Ukisoma kwa haraka utadhani uliishia hapo. Chotara mmoja, aliyekuwa ameandikwa kwa namba 46106/27, alibaki mikononi mwa wakulima wa pwani ya Kenya, wakamwita Kaleso. Tanzania nako wakulima walikuwa na mbegu waliyoiita Namikonga, iliyosifiwa kwa kutooza. Vipimo vya vinasaba vilivyofanywa miongo mingi baadaye vilionyesha kuwa Kaleso na Namikonga ni mmea uleule, na leo Namikonga ni mzazi muhimu katika programu za kuzalisha mbegu kinzani; umechavushwa na mbegu dhaifu iitwayo Albert ili kutafuta sehemu za kromosomu zinazobeba ukinzani.

Ninapenda habari hiyo kwa sababu haina shujaa mmoja. Waliochavusha hawakuona mwisho. Waliotunza hawakuwa na namba ya usajili wala ripoti. Walitunza kwa kuwa walikula. Waliopima vinasaba walihitaji wote wawili. Mashine iliyosoma maandishi pekee ingekutana na majina mawili na namba moja katika nyaraka za nchi mbili na zama mbili, na isingekuwa na sababu ya kuviunganisha. Ni jani lililochumwa na kusagwa lililoviunganisha.

Sasa niseme kuhusu uandishi, kwa kuwa hapo ndipo hofu ya vijana ilipo. Kwa sisi ambao Kiingereza tulikikuta darasani, akili mnemba imeondoa mzigo ambao wenzetu wa Ulaya hawakuwahi kuubeba. Nimeona makala ya watafiti wazuri wa hapa nyumbani zikirudishwa na majarida kwa sababu ya lugha, na nikaona nyingine, nyepesi kwa hoja, zikipita kwa sababu ya lugha. Siku hizi kila makala inang'aa. Matokeo yake ni kwamba mng'ao haumsaidii tena mhariri kuchuja, na anayepitia makala inambidi aulize mambo ambayo zamani aliyadhania: shamba lilikuwa wapi, nani alikata mizizi, alama zilitolewa na watu wangapi, daftari la shambani liko wapi. Nayaona mabadiliko hayo kuwa ya heri, ingawa yanachosha. Mtafiti ambaye kazi yake yote ilikuwa kuzungusha maneno ya wengine amepata mshindani asiyelala, na sina machozi ya kumlilia.

Swali la kutafiti linatoka wapi, basi? Bibi mmoja wa Mkuranga aliniuliza jambo ambalo liliniondoa kwenye mpango wangu wa kazi kwa misimu kadhaa. "Bwana shamba, mbegu ninayo na dawa hamna," aliniambia. "Mimi nataka kujua ning'oe mwezi wa ngapi." Alikuwa ameona kwamba akichelewa mizizi huoza, na akiwahi ni midogo, na alitaka kujua ukingo uko wapi kwa mbegu yake na shamba lake. Mwongozo wowote utakwambia uvune kati ya miezi 9 na 12, na mashine itakwambia hivyohivyo kwa kuwa imesoma miongozo. Tulipanda, tukang'oa kwa awamu, mwezi baada ya mwezi, na majibu yalitofautiana kati ya mbegu na mbegu kiasi kwamba ilibidi tuache kutoa ushauri kwa zao zima na tuanze kuutoa kwa jina la mbegu. Hakuna jarida kubwa litakaloililia kazi hiyo. Bibi yule alipata mwezi wake, na mwaka uliofuata jirani zake walikuja kuulizia ya kwao.

Ndiyo maana, kijana akiniuliza kama aanze, humwambia aanze ikiwa yuko tayari kwenda mahali ambapo jibu halijaandikwa, na akae huko hadi lipatikane au lishindikane. Neno la mwisho hilo nalimaanisha. Mashine hizi hujifunza kwa machapisho, na machapisho yetu hupenda mafanikio: mbegu iliyokinza huchapishwa, mbegu iliyooza hubaki kwenye daftari la mtafiti, na mtafiti akistaafu daftari huliwa na mchwa. Kwa hiyo picha ya muhogo iliyomo ndani ya mashine ni ya zao lenye bahati kuliko lililoko shambani, na kila atakayeitegemea kuchagua jaribio jipya ataelekezwa kurudia makosa ambayo tayari yalishafanyika kimyakimya.

Kwa sababu hiyo, msimu huu sehemu ya bajeti yetu iliyokuwa ya safari za makongamano tumeihamishia kwenye madaftari. Vijana wawili wanaingiza kwenye kompyuta majaribio ya zamani yaliyoshindwa, pamoja na mahali shamba lilipokuwa, tarehe ya kupanda, alama za mizizi kama zilivyoandikwa kwa kalamu, na jina la mbegu kama mkulima alivyolitamka siku ile, hata pale tunapojua jina lake la kitaalamu. Mwenzangu mmoja anaona kuwa tunapoteza fedha kwa takwimu za aibu ambazo hakuna atakayezitaka. Tumekubaliana kwamba zitawekwa wazi kwa yeyote kuzipakua, na kwamba yeye ndiye atakayekagua alama zote za 4 na 5 kabla hazijatoka, kwa kuwa anajua kutilia shaka kuliko sisi sote.